Bibi wa Dirishani: Maisha na Kazi ya Gertrude Berg

Historia za mataifa huandikwa kwa majina ya wafalme, majemadari na mawaziri. Jina la mchekeshaji ni nadra kuonekana humo. Watu humcheka jioni, na asubuhi humsahau. Walakini, mtu atakaye kujua jinsi watu wa zama fulani walivyoishi nyumbani mwao, walivyoogopa, na walivyotazamana na jirani zao, hana budi kuuliza walicheka nini na ni nani aliyewachekesha. Mtu hucheka kabla ya kujiuliza kama ilimpasa kucheka. Kwa sababu hiyo kicheko ni shahidi mkweli wa moyo, na mara nyingine huwa silaha kali.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, magharibi ya Ziwa Viktoria, jambo hili si geni. Vilima vya Bugufi na Bushubi vinatazamana na Burundi na Rwanda, na Kihangaza cha Ngara kinasikilizana na Kirundi cha ng'ambo ya pili. Mpaka uliwekwa na serikali, lakini sauti ya redio haiombi ruhusa mpakani. Mwezi wa Julai 1993 kituo cha RTLM kilianza kutangaza katika mji wa Kigali. Kilipendwa kwanza kwa muziki wake na kwa mizaha ya watangazaji wake. Kisha mizaha ikageuka matusi, na matusi yakageuka wito wa kuua. Mwisho wa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda usiozidi siku mbili, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla jua la juma lile halijatua. Mwaka 1995 Ngara ikapata kituo chake yenyewe, Radio Kwizera, kilichoanzishwa na shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi. Jina lake maana yake ni kutumaini. Mwaka ule ule wa 1994, Dar es Salaam ilikuwa inazindua vituo vya kwanza vya televisheni vya Tanzania Bara. Hivyo, katika muda mfupi, watu wa pembe moja ya nchi waliona sauti ya kisanduku ikibomoa, na sauti nyingine ya kisanduku ikijaribu kujenga.

Swali lililosimama katikati ya mambo hayo ni hili: mchekeshaji anapopewa ruhusa ya kuingia katika nyumba za watu asiowajua, atawachekesha kwa kumfanyia nani dhihaka? Mwanamke mmoja wa New York alilijibu swali hilo kwa muda wa karibu miaka thelathini, kwanza katika redio, kisha katika televisheni wakati chombo hicho kilipokuwa bado kichanga. Jina lake ni Gertrude Berg. Wengi wa wanaojua michezo ya vichekesho ya televisheni hawamjui, ijapokuwa nyumba wanayokaa ni yeye aliyeweka msingi wake. Maisha yake yanafaa kusomwa kwa sababu mbili: kwa ajili ya kazi aliyoifanya, na kwa ajili ya siku ambayo kazi hiyo ilimtaka achague baina ya riziki na rafiki.

Alizaliwa New York tarehe 3 Oktoba 1899, akaitwa Tillie Edelstein. Wazee wake walikuwa Wayahudi, jamaa ya watu waliohama Ulaya ya Mashariki kwa wingi katika miaka ile kutafuta maisha Marekani. Babaye, Jacob Edelstein, alijaribu biashara nyingi, na mojawapo ilikuwa nyumba ya wageni katika Fleischmanns, kijiji kilicho katika milima ya Catskill, ambako watu wa mjini walikwenda kupumzika wakati wa joto. Mamaye alikuwa mtu mwenye huzuni. Mtoto wake wa kiume alikufa akali mdogo, na tangu msiba huo akili yake haikutulia. Hatimaye alimaliza siku zake hospitalini. Binti aliyesalia alikua katika nyumba yenye kilio kisichosemwa. Si ajabu, basi, kwamba alipokuja kumbuni mama wa kuigiza alimfanya mama mchangamfu, mwenye mlango wazi na chungu kisichoondoka jikoni, ambaye shida zote za jamaa huletwa kwake na zote hupata dawa. Watu wengi huandika waliyoyaona. Berg aliandika na aliyoyakosa.

Katika hoteli ile ya babaye ndipo alipoanza sanaa. Mvua ikinyesha, wageni walichoka kukaa ndani, na mgeni aliyechoka hufunga mizigo yake. Binti akatunga michezo mifupi ya kuwaburudisha wageni na watoto wao ili wasiondoke. Alijifunza mapema kwamba mchezo ni sanaa na pia ni biashara, na kwamba msikilizaji asiyependezwa ana uhuru wa kwenda zake. Huko huko alikutana na Lewis Berg, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi, wakafunga ndoa mwaka 1918. Kazi ya mume ikawapeleka Louisiana kwenye kiwanda cha sukari, kisha wakarudi New York. Walijaliwa watoto wawili, mvulana na msichana. Kiwanda alichokitegemea mume kilipoungua, mke akachukua kalamu.

Husimuliwa kwamba alipopeleka mchezo wake kwa wakuu wa redio aliuandika kwa mkono wake, kwa mwandiko usiosomeka, na mkuu mmoja aliposhindwa kuusoma alimwomba amsomee yeye mwenyewe. Akasoma, na kwa kusoma akaigiza. Wakaununua mchezo pamoja na sauti yake. Tarehe 20 Novemba 1929 kampuni ya NBC ilianza kutangaza mchezo ulioitwa The Rise of the Goldbergs. Majuma machache kabla ya siku hiyo soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka, na Marekani ilikuwa inaingia katika miaka ya dhiki kuu. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa dola 75 kwa juma, na katika fedha hizo aliwalipa waigizaji wenziwe. Haikupita miaka miwili, kampuni ya dawa ya meno ya Pepsodent ikadhamini mchezo huo, na mshahara ukafika dola 2,000 kwa juma. Watu waliokuwa wakikosa kazi na kodi ya nyumba walikuwa wamepata jamaa wa kushiriki nao.

Jamaa hiyo ilikuwa ndogo. Molly, mke, aliigizwa na Berg mwenyewe. Jake, mume, alikuwa mshona nguo mwenye hasira za haraka na ndoto za utajiri. Walikuwapo watoto wawili, Sammy na Rosalie, waliozaliwa Marekani na kusema Kiingereza cha shuleni. Na alikuwapo Mjomba David, mzee aliyekaa nao. Waliishi katika nyumba ya kupanga, ghorofani, na dirisha lao lilitazamana na madirisha ya majirani kupitia uwazi mwembamba wa kuingizia hewa. Molly alipotaka habari, au chumvi, au shauri, hakuteremka ngazi. Alitoa kichwa dirishani akamwita jirani kwa mwito wake wa kuvuta, nao mwito huo ukajulikana nchi nzima. Lile dirisha lilikuwa baraza lao. Msikilizaji wa Waswahili hana haja ya kuelezwa maana yake, maana anajua kwamba nyumba isiyo na baraza ni nyumba nusu.

Kicheko cha mchezo kilitoka katika lugha. Molly alikuwa mhamiaji. Aliyapanga maneno ya Kiingereza kwa mpango wa Kiyidi, akayageuza misemo juu chini, na mara nyingi msemo uliogeuzwa ulikuwa na hekima kuliko ule ulio sawa. Hapa ndipo penye ufundi wake, na penye hatari pia. Katika miaka hiyo hiyo redio ya Marekani ilikuwa na mchezo mwingine uliopendwa kuliko yote, Amos 'n' Andy, ulioanza mwaka 1928. Watunzi na waigizaji wake, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa watu weupe, nao waliigiza sauti za watu weusi ili wasikilizaji wawacheke. Mchezo huo ulipopelekwa kwenye televisheni mwaka 1951, ulitumia waigizaji weusi. Lakini chama cha NAACP kiliupinga kwa kuwa uliwaonyesha watu weusi kuwa wapumbavu na walaghai, na mwaka 1953 kampuni ya CBS ikaacha kutengeneza vipande vipya. Michezo yote miwili ilichekesha kwa Kiingereza kilichopindwa. Tofauti ilikuwa mahali aliposimama mwenye kucheka. Katika mmoja msikilizaji alisimama nje akamnyooshea kidole mjinga. Katika wa pili aliketi jikoni mwa Molly, akaona kwamba mwenye Kiingereza kibovu ndiye mwenye akili nyumbani, na kwamba watoto wake wanaomsahihisha ndio wanaokosea. Mchekeshaji wa kwanza alimkopa jirani sauti yake bila idhini. Wa pili alisema kwa sauti ya mamaze na mashangazi zake.

Isidhaniwe kwamba Berg na Molly walikuwa mtu mmoja. Molly aliishi Bronx, akihesabu senti. Berg aliishi mtaa wa kitajiri wa Park Avenue, akaandika, akaongoza, akaajiri na kufukuza. Aliamka alfajiri kuandika kabla nyumba haijaamka, na maandiko ya michezo yake yanahesabiwa kwa maelfu. Ili sikio lake lisisahau, alikuwa akienda katika masoko ya mitaa ya wahamiaji kusikiliza namna watu wanavyosema wanapopatana bei. Wanawake walioigiza katika redio walikuwa wengi. Mwanamke aliyekuwa mtunzi, msimamizi na mwigizaji mkuu wa mchezo wake mwenyewe, na mwenye mchezo kwa haki yote, alikuwa jambo la pekee.

Wala haukuwa mchezo wa kuchekesha tu. Mnamo Novemba 1938 masinagogi na maduka ya Wayahudi yalivunjwa vioo na kuchomwa kote Ujerumani. Tarehe 3 Aprili 1939, katika kipindi cha Pasaka ya Kiyahudi, jamaa ya Goldberg walikuwa mezani wakifanya ibada yao. Jiwe likapenya dirishani na kuvunja kioo. Molly akawatuliza watoto, na ibada ikaendelea. Hakukuwa na hotuba wala laana. Mamilioni ya Wamarekani ambao hawakuwa na jirani Myahudi walisikia kioo kikivunjika katika nyumba waliyoizoea, na dirisha lile ndilo la vicheko vyote. Mambo kama haya ndiyo yanayomtofautisha mchekeshaji mwenye makusudi. Miaka ya kicheko ilikuwa akiba. Siku ya msiba aliitumia.

Redio ilipokwisha kumwachia nafasi baada ya vita, aliandika mchezo wa jukwaani, Me and Molly, ulioonyeshwa Broadway mwaka 1948. Jake aliigizwa humo na Philip Loeb, mtu aliyezaliwa mwaka 1891, mkongwe wa jukwaa na mmoja wa viongozi wa Actors' Equity, chama cha waigizaji. Mwaka uliofuata, Januari 1949, CBS ikaichukua jamaa ya Goldberg kwenye televisheni, na Loeb akaenda nayo. Televisheni wakati huo ilikuwa chombo cha wachache. Mchezo ulionyeshwa papo hapo: waigizaji walisimama katika studio New York, na kila walilolitenda lilionekana saa ile ile katika nyumba za watu. Mwigizaji aliyesahau neno hakuwa na mahali pa kujificha. Jamaa moja, nyumba moja, shida moja katika nusu saa, na mwisho wa amani: kanuni hizo ambazo zimekuwa desturi ya vichekesho vya televisheni duniani pote zilikuwamo katika mchezo huo tangu mwanzo.

Dirisha nalo likapata kazi mpya. Mdhamini alikuwa kampuni ya General Foods, na bidhaa yake ilikuwa kahawa ya Sanka. Kabla ya mchezo Molly alijitokeza dirishani, akaegemea, akawatazama watazamaji machoni, akawaeleza habari ya kahawa kama mtu anayemwelekeza jirani mahali pa kununua samaki wazuri. Mtazamaji hakujua tangazo limekwisha wapi na mchezo umeanzia wapi. Ulikuwa ufundi mkubwa. Lakini ndani yake mlikuwa na mtego. Dirisha lililokuwa la jirani sasa lilikuwa limepangishwa, na mwenye kulipa kodi ana haki ya kusema nani aonekane ndani. Januari 1951 Berg alipewa tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike, ya kwanza kutolewa kwa jina hilo. Siku alipoipokea, kodi ilikuwa imekwisha kudaiwa.

Juni 1950 kilitoka kijitabu kilichoitwa Red Channels, kilichochapishwa na watu waliotaka kuwafichua Wakomunisti katika redio na televisheni. Kilikuwa na majina 151 ya waigizaji, watunzi na wanamuziki. Hakikuwa amri ya mahakama, wala hapakuwa na shahidi, mshtakiwa au hukumu. Kilitaja tu majina, na mbele ya kila jina mikutano aliyohudhuria mtu huyo na karatasi alizotia sahihi. Miongoni mwao alikuwamo Philip Loeb. Kati ya mambo aliyoandikiwa lilikuwamo kuunga mkono kamati iliyotaka ubaguzi wa rangi ukomeshwe katika mchezo wa besiboli. Loeb alikana kuwa Mkomunisti. Lakini wenye kutangaza bidhaa hawakuuliza kama jambo ni kweli. Waliuliza kama litapunguza wanunuzi. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, General Foods ilikuwa imekwisha kumwondoa mwigizaji mwingine, Jean Muir, katika mchezo The Aldrich Family kwa sababu ya kijitabu hicho hicho. Mara Berg naye akatakiwa amwondoe Jake wake.

Alikataa. Jambo hili halina budi kusemwa wazi, kwa kuwa katika miaka ile waliokataa walikuwa wachache na waliokubali walikuwa wengi. Mwenye mchezo alikuwa yeye, na kwa haki hiyo alisimama. Loeb akaendelea kuonekana msimu mzima. Hatimaye mdhamini akajitoa, na mwaka 1951 CBS ikauondoa mchezo uliokuwa ukipendwa. Berg akazunguka akitafuta mdhamini mwingine. Aliupata mchezo ukitamaniwa kila mahali, na kila mahali jibu likawa moja: Molly aje, Jake asije. Miezi ikapita. Waigizaji wengine na mafundi waliotegemea mchezo huo walikaa bila kazi. Mapema mwaka 1952 Loeb akakubali kujitenga kwa malipo, na Februari mchezo ukarudi kwa njia ya NBC, pamoja na Jake mwingine. Baadaye Jake huyo naye akabadilishwa. Watazamaji waliona mume mpya ameketi katika kiti kile kile, na Molly akimpa chai, na hapana mtu aliyeeleza neno.

Wasomi wamegawanyika katika kumhukumu. Wako wasemao alimsaliti rafiki; wako wasemao alifanya yote ambayo mtu mmoja angeweza kufanya. Kila upande una haki yake kidogo. Akishikilia, anaangamia Loeb na wote waliokuwa pamoja naye, na Red Channels inapata ushindi mara mbili. Akiachia, wanaokoka wengi, na kijitabu kinathibitika kuwa na nguvu ya sheria. Mtu aliyejenga mchezo wake juu ya imani kwamba jirani hafungiwi dirisha alilazimika kulifunga yeye mwenyewe. Kosa la asili halikuwa lake, bali la wale waliompa mfanya biashara kiti cha hakimu. Lakini aliyelipa hakuwa yeye wala wao. Loeb alikuwa na mtoto wa kiume mgonjwa wa akili aliyekuwa akitibiwa kwa gharama kubwa. Alipokosa kazi, alishindwa kumweka pale alipokuwa. Afya yake ikadhoofu, macho yake yakafifia. Tarehe 1 Septemba 1955, katika chumba cha hoteli New York, Philip Loeb alimeza dawa za usingizi nyingi akafa kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1976 filamu The Front ilipotengenezwa juu ya mambo ya miaka ile, Zero Mostel, rafiki yake, aliigiza humo mchekeshaji aliyefikwa na mkasa kama wake.

Ili ijulikane kwamba woga ule haukuwa na kipimo cha haki, inafaa kutazama mfano wa pili. Oktoba 1951, miezi michache baada ya CBS kuwaacha jamaa ya Goldberg, kampuni hiyo ilianza kuonyesha I Love Lucy, mchezo wa Lucille Ball, ambao haukuchelewa kuwa mkubwa kuliko yote Marekani. Mnamo Septemba 1953 ikatangazwa kwamba Lucille Ball mwenyewe alijiandikisha katika mwaka 1936 kuwa mpiga kura wa chama cha Kikomunisti. Alieleza kwamba alifanya hivyo kumridhisha babu yake. Mdhamini wake, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakumwacha, na mchezo haukukosa hata juma moja. Mtu aliyekuwa na karatasi yenye sahihi yake alisalimika. Mtu aliyekana na asiyethibitishiwa kitu aliangamia. Mmoja alikuwa nyota ambaye bila yeye hapana mchezo. Mwingine alikuwa mume wa kuigiza, na waume wa kuigiza hupatikana. Mizani ya dunia ile ilipima faida tu.

Tofauti nyingine baina ya wanawake hao wawili ndiyo iliyoamua nani akumbukwe. I Love Lucy ilipigwa kwenye filamu nzuri, ikahifadhiwa, ikauzwa na kuonyeshwa tena na tena katika nchi nyingi. Mchezo wa Berg ulionyeshwa papo hapo, na kumbukumbu zake ni zile tu zilizopatikana kwa kuweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha televisheni, nyingi zimepotea. Msimu wa mwisho, wa miaka ya 1955 na 1956, ndio uliopigwa kwenye filamu, na katika msimu huo jamaa ya Goldberg walikuwa wamehama Bronx wakaenda kuishi katika mji wa kubuni wa Haverville, kwenye nyumba zenye nyasi mbele. Nyumba ikawa nzuri, lakini dirisha halikuwa tena na jirani wa karibu wa kuitwa. Mchezo ulipopoteza baraza lake ulipoteza roho yake, ukaisha.

Berg hakukaa kitako. Mwaka 1955 alitoa kitabu cha mapishi kwa jina la Molly. Mwaka 1959 aliigiza Broadway katika A Majority of One, hadithi ya mama mjane wa Brooklyn aliyefiwa na mwanawe katika vita vya Pasifiki, ambaye anasuhubiana na mfanya biashara wa Kijapani, yeye naye mwenye msiba wa vita. Ulikuwa mfano ule ule wa dirisha, sasa limefunguliwa upande wa adui wa jana, nao ulimpatia tuzo ya Tony. Mwaka 1961 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na akarudi kwenye televisheni kwa msimu mmoja akiigiza mjane mzee anayekwenda chuo kikuu. Tarehe 14 Septemba 1966 alifariki New York, akazikwa Fleischmanns, kijiji ambako zamani alizuia wageni wasiondoke kwa sababu ya mvua. Mwaka 2009 filamu ya Aviva Kempner juu ya maisha yake ililirudisha jina lake mbele ya watu.

Katika Afrika ya Mashariki televisheni ilifika Kenya mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994 kama ilivyokwisha semwa. Kila mahali ilipofika, mchezo wa vichekesho ulikuja na mambo yale yale aliyokutana nayo Berg: lafudhi ya kabila fulani ya kuchekwa, mama wa nyumbani mwenye ulimi mwepesi, mdhamini mwenye sabuni au soda. Urithi wake kwa watunzi hao ni kipimo, na kipimo hicho si kigumu kueleza: yule anayeigizwa akiwapo barazani, akisikia sauti yake ikiigizwa, je, ataweza kucheka pamoja na wengine? Ikiwa ndiyo, mchezo ni wa jirani. Ikiwa siyo, ni wa adui, hata kama watu wamevunjika mbavu.

Kipimo hicho kinafahamika vyema penye mpaka. Barabara itokayo Rusumo hupita Ngara na kuelekea Biharamulo, na watu walioipita mwaka 1994 walibeba godoro, sufuria na mtoto, na baadhi yao walibeba redio. Kupitia redio kama hizo walikuwa wamesikia watu wakichekwa kabla ya kuuawa. Katika miaka iliyofuata, kupitia redio hizo hizo, walisikia matangazo ya kutafuta jamaa waliopotezana. Kisanduku hakikubadilika. Kilichobadilika ni moyo wa mwenye kusema, na fedha za mwenye kumlipa. Gertrude Berg alikuwa na moyo uliofaa, na kwa miaka ishirini ulimtosha; siku alipogongana na wenye fedha, moyo peke yake haukutosha. Watakaotunga michezo baada yake watafaidika wakijifunza mambo yote mawili: namna ya kumfungulia jirani dirisha, na kujua mapema ni nani mwenye ufunguo wake.